Mguu wa Alain

...na asiinuke upesi, Mungu nisamehe, abaki hapohapo chini, ndivyo lilivyomtoka Marie-Goretti moyoni kabla hajajua kuwa ni yeye anayewaza, maana mdomo wake unasema mengine, Yesu wangu, mwanangu, Yesu wangu, kama atakavyosema mama yeyote mtoto wake akiangushwa na vijana watatu wenye mabega ya plastiki asinyanyuke, na pale katikati ya uwanja Alain amelala chali, mguu wa kulia umekaa vibaya, umekaa vibaya kweli au ni macho tu, daktari wa timu amepiga magoti, wachezaji wa pande zote wameweka goti moja chini na kuvua kofia zao ngumu, hata wapiga tarumbeta wa shule hii ya kijeshi, ambao tangu asubuhi hawajamwacha mtu apumue, wamenyamaza... "Atainuka, Mama Alain," anasema mumewe, Balthazar, bila kumtazama, naye anaitikia kwa kichwa, atainuka, ndiyo, halafu, akiinuka halafu nini, atamaliza mechi hii ya mwisho ya msimu, atamaliza shule, na mwezi wa sita jeshi litamchukua, amesema mwenyewe juzi kwenye simu, "Mama, nime-sign tayari, I'm eighteen, sihitaji ruhusa," kwa sauti ile nzito aliyoipata huku Houston mbali naye, na yeye alikuwa amesimama jikoni Mansfield na mikono ina unga, akamuuliza umekula?, mjinga gani anauliza umekula, ungemwambia vita hivyo vya Afghanistan vilianza akiwa bado ananyonya, kule kambini Kigoma, kwenye hema linalovuja, ni vita gani hivyo vinavyokaa vikimngoja mtoto akue... na walimleta hapa kwa sababu ya mpira huu wa Kimarekani tu, ndivyo Balthazar alivyosema, mtoto anapigana na wenzake, huko watamnyoosha, na wamempa nafasi kwa kuwa ana mbio, ni nidhamu tu mke wangu, si jeshi, si jeshi, na mechi ya kwanza tu aliyokuja kutazama aliiona ile jezi wanayoitandika kwenye benchi kila wanapocheza, jezi ya kijana aliyekuwa akirusha mpira miaka michache iliyopita, alikwenda Afghanistan akarudi kwenye sanduku, na kocha huigusa kabla ya kuingia, na Alain huigusa, kwa vidole viwili, kama maji ya baraka mlangoni mwa kanisa, akatabasamu... na kaka yake mwenyewe Marie-Goretti, Aimable, naye alikuwa akitabasamu hivyo, Bujumbura, kwenye shule ya maofisa, yeye alikuwa akicheza mpira wa miguu, winga wa kushoto, na vita vilipoanza mwaka ule msimu haukusimamishwa, wakubwa walitaka watu waone mambo ni shwari, basi kila Jumamosi timu iliingia na sura mpya, leo golikipa mwingine, kesho beki mwingine, na watu hawakuuliza yule wa zamani yuko wapi, walipiga makofi, hadi Aimable alipoteguka kifundo cha mguu akapewa ruhusa aje nyumbani, na mama yao akafurahi, masikini, akaukanda ule mguu kwa maji ya moto na chumvi asubuhi na jioni, akaufunga kitambaa, akaukanda tena, mpaka Aimable akaruka uani mbele yao, tazama mama, tazama, na wiki ileile akarudi shuleni, lori likaja kuchukua wazima wa kwenda vitani, waliokuwa wakichechemea wakaachwa bwenini, na wale wa bwenini ndio waliokuja kusimulia jinsi alivyolidandia lile lori kwa mguu ule uliopona, wa kwanza kupanda, hakurudi tena, na mama yao mpaka anakufa kambini alikuwa na neno moja, ningemwacha achechemee, ningemwacha... mkono umemgusa begani, ni Nawal, Mzanzibari aliyekaa nyuma yao, mamake Aiman anayecheza pamoja na Alain, "Shoga yangu, muombee, uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nami namsomea Alhamdu hapa, inshallah atasimama," na Nawal ana haki ya kusema atasimama, Aiman wake hakusaini kitu, shule ikiisha anarudi Sugar Land kwenye duka la babake, "Asante, dada," anasema, na Nawal anasoma polepole nyuma ya shingo yake, mwisho anasema amin, na jukwaa zima ni kama linasema amin, na yeye macho yako kwenye ule mguu, ni yeye peke yake humu, mama mtu, anayeuombea mabaya mfupa wa mwanawe... na Balthazar pia anasali, midomo inacheza, anamwinamia amsikie, atakuwa kwenye Salamu Maria, si Salamu Maria. "Uvunjike," anasema Balthazar, chini kabisa, amevaa kofia yenye nembo ya shule. "Uvunjike, Mungu wangu, uvunjike kabisa." Na Marie-Goretti alidhani akipata mwenzake wa kuubeba mzigo huu atapumua, hapumui, maana kama mama anaomba hivyo na baba anaomba hivyo, mtoto ana nani, amelala pale anatazama mbingu, anajua wazazi wake wako jukwaani, wameendesha gari kutoka Mansfield kuja kumwombea, na anayemwombea ni Nawal, ambaye hakumzaa... Bwana, nani amewafanya hivi, ni vita gani vimewafuata mpaka humu ndani ya kifua, kwamba hawana tena heri ya kumwombea mtoto ila avunjike... na analitafuta neno, liko mbali, zito, kama ndoo inayotolewa kisimani, inuka, analiona lori, analiona benchi na jezi yake, inuka, akilisema ndiye anayempandisha lorini, asipolisema mtoto hana mtu, "Inuka, baba," anasema, na Balthazar anageuka na kumtazama kama amempiga kofi, "inuka, mwanangu," na kila neno linamtoka kama anamsukuma kwa mikono yake mwenyewe, aende, na Alain bado amelala chali, na daktari bado ameushika mguu.