Mwasumini wa Panza

Baba yangu, Silima, alikufa mwishoni mwa masika akiacha miasumini kumi na mmoja nyuma ya nyumba yetu ya Jadida, na mmoja kati ya hiyo hakuwahi kuuona ukitoa ua.

Alikuwa dereva wa lori la saruji. Kazi hiyo ilimpeleka kila pembe ya Pemba, na popote aliposhusha mifuko jicho lake lilikuwa kwenye nyua za watu. Akiona mwasumini asioujua hupiga hodi, huomba kipande cha tawi, hukifunga kwa kitambaa cha maji na kukiweka karibu na usukani mpaka nyumbani. Mama alikuwa akimtania kwamba wanawake wenzake, waume zao wakichelewa, huogopa mke wa pili. Yeye aliogopa mti wa kumi na mbili.

Si kila kipande kilibaki. Baba alichagua kwa ukali ambao sijauona kwa mwalimu yeyote. Mimi nina diploma ya kilimo, na niliporudi nayo kutoka chuoni nilidhani nitamfundisha.

"Haya, Diploma," akaniambia siku moja, amesimama kati ya miti miwili. "Huu na huu, upi bora?"

Nikauonyesha wenye maua makubwa. Akacheka mpaka akashika ukuta.

"Macho yako yamesoma. Pua yako bado haijatiwa chuoni."

Mtihani wake ulikuwa mmoja. Mti mpya ukitoa maua ya kwanza hayachumwi. Yanaachwa yafunguke juu ya tawi, naye anayanusa mara tatu: baada ya sala ya alfajiri, saa tatu, na adhuhuri. Asumini nyingi hufunguka jua likizama na kukicha zimeshatoa kila kilichokuwemo. Jua likipanda zimechoka. Ya Micheweni, iliyokulia juu ya mawe, ua lake dogo kama jino la mtoto, ilinukia kwa ukali wa kupanda kichwani, lakini saa tatu haikuwa na kitu. Ya Chake, ile yenye tabaka nyingi ambayo watu waipenda kwa makoja ya harusi, iligeuka rangi ya chai asubuhi hiyo hiyo. Ya Konde ilizaa mno, na mvua moja tu iliozesha vitumba vyote. Majibu aliyaandika kwa kalamu ya risasi kwenye karatasi ya mfuko wa saruji, akaipigilia misumari nyuma ya mlango wa jiko. Iliyofeli mara mbili aliing'oa.

Mstari wa mwisho kwenye karatasi ile ulikuwa na neno moja tu: Panza.

Kisiwa Panza ndiko walikozaliwa baba na kaka yake mkubwa, ami Mjaka. Uani kwa mama yao kulikuwa na mwasumini ambao, kwa maneno ya baba, adhana ya adhuhuri iliukuta bado wanukia. Maji ya chumvi yakaingia uani, kidogo kidogo, mwaka hata mwaka, na mti ukaanza kufa kutoka chini. Baba alipokwenda mara ya mwisho alikata vipande vitatu. Viwili vilishika, vikakua, vikatoa vitumba, kisha vikanyauka kabla kitumba hata kimoja hakijafunguka. Cha tatu alikipanda chini ya dirisha la chumba chao cha kulala, maana mama alikitaka hapo. Kikuba, kile kishada cha maua alichovaa kifuani siku ya harusi yake, kilitungwa kwa asumini za Panza.

Miaka miwili mti ule ulitoa majani tu. Kisha baba akafa.

Mama, Bi Moza, akawa kizuka, akakaa eda. Miezi minne na siku kumi, nguo nyeupe, bila hina, bila wanja, bila manukato. Siku ya saba baada ya maziko akaja ami Mjaka pamoja na shangazi Asya, dada yao. Ami akanyoosha kidole uani.

"Laila, mwanangu, miti hiyo ikatwe. Tangu njiani nyumba hii yanukia kama ya bi harusi, na kizuka yumo ndani."

"Ami, mama hakujipaka kitu. Yanukia miti."

"Watu hawaji kumuuliza mama'ko mmoja mmoja. Wapita, wanusa, wasema."

"Wakisema je?"

Shangazi Asya akapiga makofi. "Hebu msikie! Ulimi huo umepewa pamoja na diploma, au umeuongeza mwenyewe?"

"Nilizaliwa nao, shangazi. Nadhani upande wenu."

Ami akataka kucheka, akajizuia. Nikaona ndipo mahali pa kupenya. Nikamwambia miti isikatwe, mimi nitachuma vitumba vyote kila alasiri, kabla ya wakati wake wa kufunguka, na kuvitoa nje ya nyumba.

"Vyote?"

"Vyote."

"Hata kimoja kisifunguke humu mpaka eda iishe."

"Hata kimoja."

"Neno lako?"

"Neno langu, ami."

Kwa siku themanini na zaidi nililishika. Kila alasiri nilipita na ungo mti kwa mti, nikichuma kwa kucha mpaka kucha zikawa kijani. Kitumba kilichochumwa hakijui kuwa kimechumwa. Hufunguka hata juu ya ungo. Kwa hiyo ilinibidi niwe nimeshavifikisha kwa jirani yetu Bi Thuraiya, mtunga vikuba, kabla ya magharibi. Mama alikaa dirishani akiniangalia, na mara nyingi yeye ndiye aliyeviona nilivyovisahau.

"Umebakisha kimoja. Juu, mkono wa kushoto. La, nyuma ya jani hilo."

Sikupata kumwambia nilivyoichukia kazi ile. Baba alitumia nusu ya umri wake akitafuta harufu, na mimi nilikuwa nimewekwa kuiua kabla haijazaliwa, kila siku, kwa mikono yangu.

Siku ya tisini na mbili ya eda, mwasumini wa Panza ukatoa vitumba vinne.

Nilisimama mbele yake na ungo. Majani ya chini yalikuwa yameanza kuwa manjano, vilevile kama ya wale wenzake wawili kabla ya kufa. Ningeweza kuvichuma na kungoja mwezi na ushei eda iishe, nikitumaini mti utakuwa hai na utazaa tena. Ningeweza pia kwenda kwa ami kumwomba ruhusa. Sikwenda, kwa sababu nilijua atasema hapana, na nilitaka kutenda bila hapana yake masikioni. Sijifichi katika hilo.

Mama alikuwa dirishani. Vitumba vilikuwa chini ya mkono wake, angeweza kuvigusa. Nikamtazama, naye akanitazama. Mwanamke aliyekuwa akiona kitumba nyuma ya jani, siku ile hakuona kitu.

Nikapeleka ungo kwa Bi Thuraiya bila vile vinne.

Asubuhi, baada ya sala, nilikwenda uani. Maua yote manne yalikuwa wazi, meupe, ya tabaka moja, si makubwa. Harufu yake haikunirukia. Ilikuwa pale tu, nyororo, na kila nilipovuta pumzi ilikuwa bado ipo. Saa mbili ilikuwepo. Saa tatu ilikuwepo, na jua lilikuwa limeshapiga ukuta. Mama akasukuma dirisha likafunguka mpaka mwisho. Alikuwa analia bila sauti, lakini uso wake sikuwa nimeuona hivyo tangu kufiwa.

"Ni yenyewe," alisema. "Alikuwa akinambia, nikidhani amtukuza mama yake tu."

Saa nne wakaja shangazi Asya na Bi Thuraiya na birika la uji, kumtazama mama. Nilisikia viatu vyao vikivuliwa, kisha nikasikia salamu.

"Moza," sauti ya shangazi. "Umejitia nini?"

"Sijajitia kitu."

"Chumba chanukia hiki!"

"Chanukia. Mie sijajitia kitu."

Shangazi hakutoka nje kuangalia. Akampigia ami simu pale pale kitandani kwa mama. Bi Thuraiya, ambaye riziki yake ndiyo harufu hiyo hiyo, akafunika pua kwa ukaya wa kichwani mwake.

Ami Mjaka alifika saa sita kasoro robo na panga. Alipita kando ya nyumba bila hodi. Nikasimama kati yake na dirisha.

"Ami, ningoje mpaka adhuhuri. Saa moja tu. Nimevunja neno langu, najua, nitachuma. Lakini ningoje adhuhuri."

"Ulisema hata kimoja."

"Nilisema."

"Nimekutetea kwa watu, Laila. Nimewaambia mtoto wa Silima akisema amesema. Ondoka."

Sikuondoka. Akanisukuma, si kwa nguvu, kwa kiganja tu, kama asukumavyo mlango, akainama akapiga. Pigo la kwanza likaukata mti nusu. La pili likaumaliza, na matawi yakamwangukia kifuani na usoni.

Hakupiga la tatu. Hapakuwa na cha kupiga, lakini mkono wake ulikuwa bado umeinuka, na ukabaki umeinuka. Nilimwona akivuta pumzi. Akavuta tena. Kisha akakaa chini mchangani, na kanzu yake, na matawi mapajani.

"Saa ngapi?" akauliza.

"Saa sita kasoro dakika kumi."

"Na yamefunguka lini?"

"Jana magharibi."

Alikaa hapo, mzee wa miaka sabini na panga kando yake, pua ndani ya majani, mpaka adhana ikatoka msikitini. Adhana ilipokwisha akachuma ua moja, akalitia ndani ya kofia yake, akaivaa.

"Ni wa mama," alisema. Sauti ilikuwa ya mtoto.

"Ndiyo, ami."

Akainuka, akajipangusa mchanga, na alipomaliza kujipangusa alikuwa ami Mjaka yule yule. Dirishani mama alikuwepo, na nyuma yake shangazi Asya na Bi Thuraiya. Akawatazama wote watatu.

"Ijumaa, baada ya sala," akaniambia kwa sauti ya kusikika ndani. "Wazee watakuja. Utaomba radhi kwa ulivyoichafua eda ya mama yako. Ukiomba, kisiki nitakiacha, kichipue kikipenda. Usipoomba, Asya ataka king'olewe, na mimi sitamzuia."

Alipoondoka niliyakusanya matawi. Nilipata vipande tisa vya kupanda, nikavitia kwenye makopo ya maziwa kivulini, jikoni. Nyuma ya mlango, kwenye mstari wa Panza, nikaandika kwa mkono wangu: alfajiri, yanukia, saa tatu, yanukia, adhuhuri, yanukia. Kufikia Alhamisi vipande sita vilikuwa vimekauka. Vitatu nilikuwa sivielewi.

Na maneno yalikuwa yameshatoka. Muuza samaki aliniuliza, akinichagulia changu mmoja, kama ni kweli mama ameshachumbiwa. Nilimrudishia changu wake.

Ijumaa sebule ilijaa. Wazee watatu wa mtaa, ami, shangazi Asya karibu na mlango. Mama alikuwa chumbani, mlango wazi, pazia limeshushwa. Nilijua kila neno litamfikia. Usiku uliopita nilikuwa nimemuuliza kama ataka niombe. Akanijibu lile lile: "Mie sijajitia kitu, mwanangu." Akageukia ukuta.

"Haya, Laila," ami alisema kwa upole. Kofia yake ilikuwa ile ile, na naapa ilikuwa bado na harufu. "Maneno mawili tu, tuyamalize. Kisiki chatoa macho, nimekiona. Useme, twende zetu."

Kweli kilikuwa kinatoa macho. Mawili, madogo, mekundu. Nilikuwa nimekwenda kuyatazama kabla ya kuingia.

"Neno nililompa ami nimelivunja," nikasema. "Nilimwambia siku ile, na leo nalikiri mbele yenu. Alinitetea nikamwangusha. Kwa hilo aninyime salamu akitaka, ni haki yake. Lakini radhi mnayoitaka si ya hilo. Mwataka niseme nimeichafua eda ya mama. Nikisema hivyo, mimi nitasamehewa hapa hapa, na yeye atabaki na uchafu huo mpaka kaburini, kwa kinywa cha mwanawe mwenyewe. Mama yangu hakujipaka kitu. Hakuvaa kitu. Hakutoka. Alikuwa chumbani kwake, kwenye kitanda alicholala na mumewe miaka thelathini na moja, upepo ukaingia."

"Si umeona?" shangazi Asya akawageukia wazee. "Ulimi huo!"

Ami hakumtazama. Alinitazama mimi, na macho yake yalikuwa yakiniomba, yeye mkubwa kwa mdogo.

"Nitaking'oa, Laila. Leo hii, kabla ya alasiri. Wajua?"

"Najua."

"Ni wa mama yangu."

"Najua, ami. Jembe liko nyuma ya mlango wa jiko, chini ya karatasi ya baba. Siombi radhi."