Joto la Kwapani

Mtoto mchafu hakupita salama kwenye meza ya Déborah. Akina mama wote waliotibiwa kwenye kituo kile cha afya, karibu na Runingu, walilijua hilo. Ukileta mtoto mwenye makamasi yaliyokauka na shingo ya vumbi, muuguzi huyo alimnyanyua juu benchi zima limwone, kisha akauliza kwa upole, "Huyu katoka kulima muhogo?" Benchi lilicheka. Mama mwenyewe naye alicheka, akitazama miguu yake. Déborah hakuona ubaya. Tangu aanze mtindo huo, upele ulikuwa umepungua, na ripoti zake zilionyesha hivyo.

Kazi yake ilikuwa kuwachambua wagonjwa kabla hawajaingia kwa daktari. Kwa utaratibu, kila mtoto alipaswa kupimwa joto, kuhesabiwa pumzi na kuhesabiwa mapigo ya moyo. Siku ya soko, foleni ilipofika hadi barabarani, kilibaki kipimajoto peke yake. Aliyefika thelathini na saba na nusu alipelekwa kwa Pontien wa maabara, akatobolewa kidole kwa kipimo cha malaria, akawatangulia wengine. Asiyefika alingoja. Vipimo vilikuwa vimebaki vichache na mzigo kutoka Uvira ulikuwa umechelewa, kwa hiyo Déborah hakutaka kuvitumia kwa maneno matupu ya "usiku alikuwa moto". Kila mama alisema hivyo.

Siku moja ya soko alifika mgeni, Eliane, aliyekuwa ameteremka jana yake kutoka Bijombo, mtoto mgongoni, akalala kwa shangazi yake Olga pale kijijini. Mtoto aliitwa Merdi, wa mwaka na nusu. Alikuwa safi kupita kiasi: ngozi inang'aa mafuta, shati limepigwa pasi, nywele bado mbichi.

"Muone, bamama," Déborah akaliambia benchi. "Huyu katoka kule juu mulimani, na anawashinda nyinye wenye mto hapa chini!"

"Amekuja kubatizwa," mmoja akajibu, na benchi likacheka.

Eliane akatabasamu, akajikaza. "Usiku muzima iko moto, mama. Moto ya kuchoma mukono."

Déborah akatia kipimajoto kwapani mwa mtoto. Kwapa lilikuwa na unyevunyevu. Akangoja, akasoma.

"Thelathini na sita na mbili. Haiko na homa."

"Lakini usiku..."

"Usiku imepita, mama. Kaa kule nyuma, tutakuita."

"Minye naona tumbo yake iko moto."

"Kumbe mukono yako ni termometa?"

Benchi likaangua kicheko. Eliane akaenda kukaa kule nyuma. Déborah akafuta vidole kwenye koti lake, akamwita anayefuata.

Jua lilipanda. Mgeni hakulalamika, hakuwa na mtu wa kumlalamikia. Merdi alinyamaza, na mama aliyeketi kando ya Eliane akamwambia kwamba mtoto akilala hivyo amepata nafuu. Pontien ndiye aliyepita pale akielekea bombani, akainama, akamgusa Merdi shavu.

"Déborah! Njoo hapa!"

Alikuja mbio. Safari hii alipima kila kitu. Kifua kilipanda na kushuka kwa kasi isiyo ya mtu aliyelala. Mapigo yalikwenda mbio chini ya kidole chake. Viganja vilikuwa vyeupe. Kipimajoto kilisoma arobaini nukta tatu. Alimwita jina, akambana kidole; mtoto hakufumbua macho. Kipimo cha Pontien kilionyesha malaria. Daktari alimchoma sindano, akasema damu ya kumwongezea iko Uvira tu. Wakampandisha Eliane na mtoto wake kwenye pikipiki.

Haikufika hata Kiliba. Iligeuza njiani, ikarudi polepole.

Déborah hakulia. Alitaka kujua. Joto halitoki thelathini na sita kwenda arobaini bila sababu. Alimkuta Eliane ameketi kando ya ukuta, mtoto amefunikwa kitenge mapajani.

"Ulimpa dawa ya kushusha homa?"

"Hapana."

"Basi ulimfanya nini?"

"Nilimuosha." Eliane alisema bila kuinua macho. "Shangazi Olga alisema hamupokei mutoto muchafu, na atakayemuleta munamucheka mbele ya bantu. Tulimutia mu mto mpaka shingo. Alilia sana. Nikasema, afazali alie huku kuliko minye nipate haya kule." Kisha akamtazama. "Si weye mwenyewe ulimusifu?"

Mengine Déborah aliyajua. Maji ya baridi huifunga mishipa midogo ya ngozi, na joto likabaki ndani, tumboni na kichwani. Kipimajoto kilikuwa kimesema kweli, ila kweli ya kwapa lililotoka mtoni. Na mwongozo wa kazi ulisema wazi kwamba mama akisema mtoto alikuwa na homa, ahesabiwe ana homa. Swali hilo aliwahi kulijibu kwenye mtihani, akapata alama zote.

Kesho yake alisimama mbele ya benchi. "Mutoto mwenye homa musimuoshe mbele ya kuja. Mumulete vile iko."

Nyuma mtu alinong'ona, "Leo anatafuta wa kumucheka."

Siku ya soko iliyofuata, mtoto wa kwanza aliwekwa mezani akidondosha maji kisogoni.

"Mama, si nilisema?"

"Ndiyo, mama. Nimemuosha kidogo tu."

Déborah aliinua macho. Benchi zima liling'aa mafuta. Akaweka kipimajoto chini, akapitisha mkono chini ya shati la mtoto, akaulaza tumboni. Safari hii hakuna aliyecheka.