Kadi ya Mwanakombo

Angeline alikuwa jikoni mwa hoteli akikaanga mbuta, samaki wa ziwani, mratibu wa mkutano akaingia mbio na kumshika mkono. "Mama, wewe si mtu wa ziwa? Vua aproni twende. Samaki ni samaki!"

Kabla hajamaliza kushangaa, alikuwa ameketishwa mstari wa mbele kwenye ukumbi wa hoteli, kadi ikimning'inia shingoni: Mwanakombo Shee, mvuvi wa pweza. Pweza! Tangu kwao ziwani mpaka hapa Eldoret, hakuwahi kumwona pweza hata kwenye sahani.

Ukutani waliandika kwa herufi kubwa: USAWA BAHARINI, WADAU WOTE MEZANI. Mwenyekiti akasoma kwamba ufuo utafungwa, wavuvi wahame, mahoteli yajengwe. Bahari inafungiwa huku kwenye mahindi! Kisha kipaza sauti kikamfikia. "Mama Mwanakombo, nyinyi wenye bahari mmekubali?"

Damu ilimpanda kichwani. "Tumekubali nini? Mwenye hii jina yuko wapi?"

Mratibu akajikohoza. "Pwani ni mbali, mama. Sema ndiyo, ukae."

"Sisemi! Mimi ni mpishi. Bahari sijaiona hata siku moja!"

Angeline akawageukia wavuvi wengine kumi na mmoja wa mstari ule, akitumaini watamuunga mkono. Wote waliinamisha vichwa. Yule wa karibu akamvuta gauni, akanong'ona: "Kaa chini, mama, utatuharibia. Mimi mwenyewe ni dereva wa trekta, hapa karibu Chepsaita."