Bastola ya Chuma na Mkanda wa Kamati

Usiku wa jana, Jumanne tarehe 4 Novemba, saa tatu na nusu, mvua ya vuli ikinyesha juu ya Tanga yote bila upendeleo, nilijilaza chali, mikono ubavuni, kama tulivyofundishwa bwenini. Mtu aliyelala kwa utaratibu namna hiyo hapaswi kuota ovyo. Hata hivyo niliota.

Yafaa nieleze kwanza nilichokuwa nacho moyoni. Mimi ni mwanafunzi wa zamani wa Shule ya Wavulana ya Mkumbulu, Bweni la Magharibi. Kila mwaka sisi wa zamani hurudi shuleni kukimbia mita mia, na mbio hizo huanzishwa kwa bastola ya baruti nyeusi, wala si kwa kitu kingine. Wapima muda wetu husimama mwisho wa uwanja, na hawasikilizi mlio, kwa sababu mlio huchelewa njiani. Hutazama moshi. Moshi mweupe ukipanda, saa zinabonyezwa. Bastola yetu ya tangu enzi imepasuka, na kamati ikanipa kibali na fedha kidogo nikatafute nakala iliyotengenezwa vizuri. Nikishindwa, mbio zitaanzishwa kwa kipenga. Hilo ni pendekezo la Bwana Mntambo wa Bweni la Mashariki, na heshima yangu hainiruhusu kulieleza zaidi.

Mchana Bwana Taibali, muuza vifaa vya michezo na maigizo, alinionyesha nakala mbili. Moja ilikuwa mpya, fremu yake ya shaba ya njano, inang'aa kama asubuhi ya Jumapili. Nyingine ilikuwa ya chuma cha pua, iliyokwisha kutumika, imefifia, na bei yake ilizidi kidogo fedha ya kamati. Nikamwambia aniwekee ile ya shaba. Kwetu Mkumbulu, kitu kinachong'aa ni kitu chenye tabia njema. Kisha nikaenda kulala.

Sasa nafungua mlango wa duka la Taibali, na ndani ni bweni letu. Vitanda vimetandikwa, pembe za shuka zimekunjwa barabara, na miguuni mwa kila kitanda imesimama bastola moja, wima juu ya mpini wake. Sioni ajabu. Ninachoona ni kwamba ile ya kitanda cha dirishani haikuchana nywele.

"Ukaguzi!" nasema.

"Shikamoo, Kaka Mkuu!" zinaitikia.

"Marahaba. Mikono nyuma."

"Hatuna mikono, Kaka Mkuu."

"Sikuomba udhuru."

Kiunoni nimevaa mkanda wangu wa shule, ule wenye bizimu ya shaba. Mkanda unakohoa. "Mimi ndimi bajeti," unasema. "Kamati imenituma. Ukitamani kisichokuhusu, nakaza tundu moja."

"Kaza kwa adabu," naujibu.

Naanza na kitanda cha kwanza. Bastola yake imenakshiwa mtutu mzima: mizabibu, swala na malaika wawili. Kabla sijauliza neno, mkanda umekaza.

"Bei yako?"

"Pamoja na swala, au bila swala?"

"Swala wanafanya kazi gani katika mbio?"

"Wanakula, Kaka Mkuu." Na kweli, swala wanaitafuna ile mizabibu, na nakshi inapungua huku bei ikibaki palepale. Nairudisha kitandani bila chai ya jioni.

Kitanda cha pili ni cha ile ya shaba. Inainama mpaka mtutu unagusa sakafu. "Kaka Mkuu, nimejing'arisha tangu alfajiri. Jitazame."

Najitazama ubavuni mwake. Naonekana kijana, tai imenyooka, sina kitambi. Mkanda unalegea. "Huyu ananifaa," unasema. "Hapa napumua."

"Iulize inafanya nini ikishamaliza kung'aa," inasema sauti ya kukwaruza kutoka upande wa pili.

Nageuka. Ni ile ya chuma, mpini umechubuka, rangi imefifia.

"Nani amekupa ruhusa ya kusema?"

"Hakuna. Ndiyo maana nimesema kwa ufupi."

"Isamehe, Kaka Mkuu," inasema ya shaba. "Ni mtumba. Imepita kwa watu."

"Nimepita kwa watu na umbo langu ninalo," inajibu ya chuma. "Wewe ukilishwa baruti misimu miwili utalegea kama mpira wa kaptula. Kaka Mkuu, kagua pengo letu, hapo silinda, gurudumu la kutilia baruti, inapokutana na mtutu. Karatasi ipite, kisipite kingine."

Neno hilo ni la haki, nami husimama upande wa haki. Naiamuru ya shaba ifungue pengo lake. Inapita karatasi. Nyuma ya karatasi anapita mwanafunzi aliyeishika. Nyuma yake inapita bendi ya shule, pamoja na ngoma kubwa na mpigaji wake anayelalamikia kiatu. Mwisho wa wote, akijipangusa vumbi, anapita Bwana Mntambo, kipenga mdomoni.

"Mambo, Singano?" ananiambia. "Bado unatafuta moshi? Mwenzako napuliza tu."

"Unapuliza kwa mamlaka ya nani?"

"Ya mapafu yangu, ndugu yangu."

Naiendea ya chuma. Katika pengo lake inapenya karatasi moja, kwa ubavu, inasema samahani kwa kubanana, kisha inakwenda zake.

"Sasa hesabuni namba," nasema. "Nyundo nyuma, polepole."

Ya chuma inavuta nyundo yake. *Ka. Ka. Ka. Ka.* Milio minne, safi, kama wavulana wanaojihesabu gwarideni, na silinda inasimama imara mbele ya mtutu.

Ya shaba inajaribu. "Moja. Tatu."

"Mbili iko wapi?"

"Iko njiani, Kaka Mkuu."

Natazama tena ule uso wangu wa ujana katika shaba. Ni uso mzuri. Nasema, kwa uzito, "Nachukua ya chuma."

Mkanda unakaza mpaka macho yananitoka. "Umezidi kwa tundu moja," unasema, "na tundu hilo sina."

Kuta za bweni zimeondoka bila kuaga, tuko uwanjani. Wakimbiaji wamechuchumaa. Mwisho wa uwanja, wapima muda wanasubiri moshi; wamesubiri hadi ndevu zao zimefika kwenye magoti. Saa ya mnara inakaribia saa nne kamili, saa ya mbio, na Mntambo anavuta pumzi.

"Chomoa kabari yangu," inasema ya chuma. "Hicho kipande kidogo ubavuni, kinachoubana mtutu usichomoke. Kisukumie chini ya mshale wa saa."

"Bila kabari utabaki vipande viwili."

"Nitabaki. Lakini ni deni, Kaka Mkuu, sitoi zawadi."

"Mtu wa Mkumbulu hadaiwi."

"Basi usichelewe kuamka."

Napanda mnara, ambao una ngazi zilezile za bwenini na harufu ileile ya uji, nasukumia kabari chini ya mshale. Saa inasimama. Mntambo naye anasimama, mashavu yamevimba kama chura aliyekatizwa. Wapima muda wanasonya. Mkanda unapasuka kwa mlio mkubwa, na moshi mweupe unanijaa machoni.

Niliamka alfajiri. Mvua ilikuwa imekatika. Mkanda wangu ulining'inia mzima kwenye msumari wake. Lakini ndani ya kiganja changu, kilichofumbwa hadi vidole vikauma, kulikuwa na kipande kidogo cha chuma, chembamba upande mmoja, kinachonuka mafuta na baruti.

Nikiwa bado nakitazama, simu ikalia. Alikuwa Bwana Taibali.

"Bwana Singano, ile yako ya shaba tayari nimeifunga. Ila sikia balaa: ile ya chuma imedondoka kabari. Usiku tu! Nimefagia duka zima, hakuna. Sasa mimi nitaiuza kama chuma chakavu. Ukiitaka wewe, chukua kwa nusu ya fedha yako, ubaki na chenji."

Bastola niliyoitaka ilikuwa imeshuka chini ya bajeti, na kilichokosekana nilikuwa nacho mkononi. Ningenyamaza tu, na kipenga cha Mntambo kingebaki mfukoni mwake milele. Nilifunga kamba za viatu, mguu mmoja baada ya mwingine, nikavaa mkanda, nikaenda dukani.

Niliweka kabari juu ya kaunta.

"Hii ni yake. Rudisha bei ya jana."

Taibali aliishika kwa ncha za vidole. "Wewe umeipata wapi?"

"Niliazimwa."

"Na nani, bwana? Duka nilifunga mimi!"

"Na mwenyewe."

Taibali akaiingiza kabari ubavuni, akaigonga kidogo kwa nyundo ya mbao, mtutu ukabana. Akavuta nyundo ya bastola polepole. *Ka. Ka. Ka. Ka.*

"Lakini fedha yako haifiki," alisema kwa masikitiko. "Jana nilikwambia, na wewe ukaniambia kamati haiongezi hata senti."

"Haiongezi."

Nikafungua mkanda wangu, nikauchomoa, nikauweka kaunta kufidia kilichopungua. Bizimu ile nimeing'arisha kila asubuhi tangu kidato cha kwanza. Taibali aliigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Loo! Inang'aa kweli."

"Ndiyo kazi yake," nikamwambia.

Nilitoka na bastola kwapani, suruali nimeishikilia kwa mkono mmoja, nikiwaamkia watu barabarani kwa mkono uliobaki. Sidaiwi.