Farasi wa Lorna

Jumamosi ya kupima magari, Wanda Szymczak alifungua karakana yake ya Toledo saa mbili asubuhi, akawasha mashine ya kahawa, akafuta ubao wa mwaka jana kwa kitambaa chenye maji. Ubaoni huandikwa jina la dereva na nguvu za gari lake kwa hesabu ya farasi, na jina hukaa hapo mwaka mzima. Kwa ajili ya mstari mmoja wa chaki, watu wazima na akili zao hukosa usingizi wiki nzima.

Trent Hochstetler alikuwa wa tatu kwenye foleni. Kijana wa miaka ishirini na sita, fundi wa viyoyozi, mpole, hana ugomvi na mtu. Gari lake jekundu alilifunga tabo, ile feni ya kuisukumia injini upepo, mwezi Machi, kabla ya kubadilisha rejeta, kabla ya breki, kabla ya konrodi, zile fimbo zinazobeba pistoni. Yaani alianza na paa akasahau msingi. Alikuja na mama yake, Lorna, aliyebeba trei ya makaroni ya kuoka ili kila mtu ale. Wanda alipomwona alijua mama wa watu ameletwa kusaini.

Walipandisha gari kwenye rola za kupimia nguvu, wakalifunga minyororo. Wanda akaweka kompyuta mapajani, akarekebisha mafuta na cheche kidogo kidogo, sikio likiwa kwenye injini isije ikaanza kugonga. Kipimo kikasimama kwenye mia tatu sabini na moja.

"Mwisho wake ni hapo," alisema. "Konrodi zako ni zile zile za kiwandani. Ngoja Oktoba tuweke za chuma kilichofuliwa, na rejeta kubwa, na pampu ya mafuta. Hao farasi mia nne unaowataka watatoka humo humo ndani ya injini, bila kumgusa mtu."

"Oktoba ubao umeshajaa, Bi Wanda. Derrick yuko nyuma yangu kwenye foleni, na mdomo wake unaujua."

Nguvu inayozidi uwezo wa injini haitoki hewani. Hutoka kwa mtu wa nyumbani kwa mwenye gari, mara nyingi mama au mke. Mtu mzima mwenye afya huwa na farasi kama arobaini. Ndiyo maana fomu ya Wanda ina mstari wa saba, jina la mtoaji, na watu wa bima hutaka nakala. Karakana ya ng'ambo ya barabara haina fomu. Kule nguvu huchukuliwa kwa yeyote atakayepatikana, na mwaka jana ilichukuliwa kwa babu aliyekuwa nyumbani kwake akimenya viazi. Kila Wanda alipofikiria kukataa, alimkumbuka babu yule. Siku hizi alimkumbuka upesi mno, na jambo hilo lilimtia hofu.

"Lete hiyo fomu, shoga," alisema Lorna. "Ishirini na tisa tu? Kazi yangu ni ya kukaa."

"Unaendesha basi la shule, Lorna. Breki inakanyagwa kwa mguu."

"Basi chukua mikono." Akacheka, akasaini.

Wanda aliongeza upepo wa tabo. Injini ilipopanda, mikono ya Lorna ilishuka mapajani ikatulia kama nguo zilizoanuliwa. Mia nne kamili. Watu wakapiga makofi, Trent akambusu mama yake kwenye paji la uso, akamlisha makaroni kwa uma, akipuliza kila tonge. Alikuwa mtoto mwema, na hilo ndilo lililomuuma Wanda zaidi.

Kisha Derrick akapandisha lake. Mkewe alisaini akiwa amesimama na akamaliza akiwa ameketi. Mia nne na tano.

"Alaa! Trent, ukienda nyumbani nisalimie mia nne yako," alisema Derrick.

Trent alirudi kwa Wanda, macho chini. "Sita tu. Mama amebakiwa na wangapi?"

"Kumi na mmoja. Hao ni wa kupumulia, mwanangu."

"Sita kati ya hao. Watabaki watano."

"Najua hesabu. Sifanyi."

Trent alichukua funguo zake mezani, akatazama ng'ambo ya barabara, ambako mlango wa chuma ulikuwa wazi na mtu alikuwa ameshaanza kumpungia mkono.

"Huko hawana fomu, Wanda," alisema Lorna. Sauti yake ilikuwa ya mama anayekumbusha watu wasisahau koti. "Nisaini hapa. Angalau hapa nitakuwa mimi."

Wanda alitaka kusema neno, na neno lenyewe alikuwa nalo, lakini foleni ilikuwa inangoja na watu wameanza kugeuza shingo. Akatoa fomu mpya. Akaweka kalamu katikati ya vidole vya Lorna, vikashindwa kuishika. Basi akaufunika mkono ule kwa mkono wake, wakaandika pamoja polepole, Wanda akijitahidi herufi zisitoke nje ya mstari. Alipomaliza alimwambia Trent apandishe gari.