Tangi la Maji ya Chumvi

Ntirenganya, mkaguzi wa usafi mjini Goma, alifika hotelini akiwa hoi. Alichungulia tangi kubwa la maji ya chumvi ambamo wageni walilala wakielea. Maji hayakuwa yamebadilishwa tangu Pasaka. Juu zilitanda nywele na mafuta ya miili.

"Mwageni yote leo!" alimfokea meneja. "Mutu asiingie tena humu!"

Jioni, nyumbani Mabanga, mkewe Nyirakamana alimwekea maharagi. Akaonja, akashtuka. Chumvi! Sokoni ilikuwa imeadimika wiki nyingi.

"Umeipata wapi, mama?"

"Hotelini, papa. Walikuwa wanamwaga maji, tukakimbilia na ndoo. Mungu ambariki aliyewaamuru."

Ntirenganya aligeuka kuwatazama watoto. Walikuwa wamekwisha kuramba sahani.