Wasifu Nilioutoa Ukingoni mwa Ugalla

Mimi Valentino, mwalimu mstaafu wa Isevya, nimeishi Tabora maisha yangu yote, na kila mtu wa Tabora anajua kwamba mbung'o wanapenda rangi ya bluu. Ndiyo maana porini wanategwa kwa vitambaa vya bluu. Sasa niulize nilivaa nini siku ya kwenda kuiaga Hifadhi ya Mto Ugalla. Kaunda suti ya bluu iliyokolea! Nilitaka heshima. Niliumwa shingoni, mgongoni na mahali pengine ambapo mwalimu hapataji.

"Umejigeuza mtego," alisema mke wangu, Levina. Hakucheka. Zamani angecheka mpaka machozi.

Figo zake zimeshindwa kazi. Daktari alimtaka ahamie Dodoma kwa binti yetu Josepha, awe karibu na hospitali ya kusafishia damu, na treni ilikuwa ya kesho yake. Levina alikuwa hajakubali. Kila nikigusia, alijibu kwamba shamba lake liko Ntalikwa na hapo hapo atazikwa. Bila matibabu asingefika Pasaka. Hilo tulilijua wote wawili, na mimi niliogopa hata kulitamka. Basi nikabuni ujanja: tukaage kwanza mahali tunapopapenda tangu pakiwa pori la akiba na sisi tukifuata asali. Akishaaga, kuondoka kutakuwa kwepesi. Nilijiona nina akili sana.

Nikaazima gari la shemeji Octavian. Getini tukapewa askari wa kutuongoza, Anselm, mtu mzima mpole aliyeanza kuota mvi. Alituamkia shikamoo, akapanda nyuma na bunduki yake, akatusikiliza tukibishania safari ya Dodoma mpaka mtoni.

Viboko walikuwa wamejaa majini, macho na masikio tu nje. Nikashuka, nikajikohoza, nikaanza hotuba.

Hapa lazima niseme jambo moja. Parokiani kwetu, mtu akifa, mimi ndiye ninayesoma wasifu wa marehemu. Nimewasomea wengi, na watu husifu sauti yangu. Kumbe ulimi umezoea njia moja tu, kama ng'ombe anayerudi zizini. Nilianza na mto, nikataja asali, nikataja palahala, yule mnyama wa pembe ndefu zilizopinda, tuliyemwona mwaka tuliooana. Kisha nikamgeukia Levina, nikasikia sauti yangu ikisema: "Mpendwa wetu Levina alizaliwa Ntalikwa, akapata elimu yake ya msingi huko huko, akafunga ndoa takatifu. Ameacha mume, mtoto mmoja na wajukuu."

Nikalia. Kamasi, kila kitu, mbele ya viboko.

Levina akauliza: "Baba Josepha, umenizika?"

Nilimpiga mbung'o aliyekuwa shavuni kwangu, kwa nguvu kuliko alivyostahili. Levina akarudi garini, akafunga mlango kwa kishindo. "Nirudishe nyumbani," alisema dirishani. "Sisafiri."

Hapo Anselm akanikaribia taratibu. "Samahani mzee. Ninyi ni Wanyamwezi?"

"Ndiyo."

"Mimi Mgogo."

Ningekuwa na nguvu ningekimbia. Mgogo ni mtani wetu, na msibani mtani hana adabu wala hatakiwi kuwa nayo. Anselm alivua kofia, akaweka bunduki pembeni, akajitupa chini mbele ya magurudumu ya gari.

"Uwiii! Mnyamwezi wangu amekufa! Amekufa kabla hajafika kwetu Dodoma!"

"Nani amekufa?" Levina alitoa kichwa dirishani.

"Nyamaza! Marehemu haongei! Mumeo kashasoma wasifu." Akagaagaa mavumbini na sare zake. "Babu zako walipita Ugogo na mizigo kichwani, hawakupita bure, walitulipa ushuru. Leo wewe unajifia huku huku ili usifike kwetu? Gari haliondoki mpaka maiti iniambie inakuja lini! Na huyu mgane wako, kwa hiyo suti, mbung'o watamrithi kabla ya arobaini!"

Neno nililokuwa nalizunguka miezi yote, yeye alilipiga mayowe. Nilikunja ngumi, nakwambia kweli. Kisha nikamsikia Levina. Alianza kwa kikohozi, kikawa kicheko, akacheka mpaka akashika mbavu. Wivu ulinikaba. Hotuba niliyoifanyia mazoezi mbele ya kioo ilikuwa imeshindwa na mtu aliyelala chini.

Levina alifungua mlango, akashuka taratibu na miguu yake iliyovimba, akasimama juu ya Anselm.

"Inuka, Mgogo. Nakuja kesho. Nitakaa kwenu mpaka mnichoke, na zabibu zenu nitazimaliza."

"Na asali?"

"Asali naleta. Inuka, unachafua sare za serikali."

Anselm akainuka, akajipangusa, akaenda kutazama viboko kama mtu asiyehusika. Levina akaja kuniegemea begani.

"Naogopa, baba Josepha."

"Na mimi naogopa."

"Huo wasifu utausoma siku nisiyosikia. Leo nasikia. Niambie kitu kingine."

Nilitafuta. Mimi, mtu wa maneno, sikupata hata sentensi moja ya maana.

"Usife, mama Josepha," nikasema.

Akasema atajitahidi.